Kuwapeleka wanafunzi kwenye mnara wa adui: Lugalo na Kalenga kwa siku moja

Mara ya kwanza kuwapeleka wanafunzi Lugalo, mkoani Iringa, nilibeba kila kitu isipokuwa maandalizi. Nilikuwa na Coaster ya kukodi, sufuria mbili za wali, na Kidato cha Tatu chenye vijana waliofurahi kukwepa kipindi cha hisabati. Tulipofika kwenye mnara, ule ambao Wajerumani waliwajengea watu wao waliouawa na Wahehe, wavulana wanne walikuwa wameshaupanda kabla sijamaliza kuhesabu walioshuka. Mmoja akatema mate. Wenzake wakapiga makofi, na mimi, binti wa Kihehe niliyelelewa kwa hadithi za Mtwa Mkwawa, chifu wetu aliyepigana na Wajerumani, nikacheka nao.

Aliyetunyamazisha ni mzee mmoja aliyekuwa akipalilia vitunguu jirani na pale. Alikuja na jembe lake begani, akanisalimu, "Kamwene, mwalimu," akangoja niitikie, ndipo akauliza hao watoto wanamtemea nani. Nikamwambia Zelewski, yule Mjerumani. Akasema, "Haya. Na waliombebea mizigo, nao tuwatemee? Maana walikufa hapahapa, na sidhani kama wote walikuja kwa kupenda." Kisha akarudi kwenye vitunguu vyake. Somo langu la "Wahehe walishinda" likaishia hapo, hata robo saa halijafika.

Nimerudi mara nyingi tangu siku ile, na kila safari nimebadilisha kitu. Haya ninayoandika ni kwa mwalimu wa historia, au mzazi, au kiongozi wa vijana wa kanisani au msikitini, anayetaka kuwapeleka watoto mahali ambapo jiwe limesimamishwa kumheshimu kamanda aliyekuja kututawala, na anataka warudi na kitu kichwani zaidi ya picha za simu.

Wiki moja kabla: darasani

Usiwapeleke bila hadithi. Jiwe lenyewe haliongei, na mtoto asiyejua kilichotokea ataona saruji na mawe tu.

Hadithi ninayowapa ni fupi. Tarehe 17 Agosti 1891, asubuhi, msafara wa Wajerumani ulikuwa ukipita Lugalo kwenda kuwapiga Wahehe. Kiongozi wake ni Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la ulinzi la koloni, ambaye watu walimpachika jina la Nyundo. Alikuwa na askari wapatao 320, maofisa wa Kizungu, wapagazi, na mizinga. Jeshi la Mkwawa, kama watu 3,000 wenye mikuki, ngao na bunduki chache, lilikuwa limejificha porini kando ya njia. Msafara ulikuwa mrefu, umenyooka kama uzi, na askari wengi hawakupata hata nafasi ya kujipanga. Ndani ya muda mfupi Zelewski alikuwa amekufa. Inasimuliwa kwamba aliyemchoma mkuki alikuwa kijana mdogo, na kwamba Nyundo mwenyewe alikuwa juu ya punda. Watoto hupenda sana habari ya punda. Waachie waipende, lakini waambie ni masimulizi. Wazungu kumi walikufa, askari zaidi ya 200, na wapagazi karibu mia. Hesabu za waandishi hazilingani, na hilo lenyewe lifundishe: kwa nini Wazungu kumi wanahesabika bila ubishi, na wapagazi wanakuwa "karibu mia"?

Hapo ongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Zelewski hakuanzia Uhehe. Agosti 1888 alikuwa Pangani, akiwa mwakilishi wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na kupandisha kwake bendera ya kampuni kwa nguvu ni mojawapo ya mambo yaliyowasha vita vya Abushiri. Bushiri bin Salim, kiongozi wa vita hivyo, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Kwa hiyo mtu mmoja anaunganisha pwani na nyanda za juu. Mtoto akiliona hilo kwenye ramani, akachora mstari kutoka Pangani hadi Lugalo, anaacha kufikiri kwamba Vita vya Wahehe ni mambo ya Wahehe peke yao. Nina wanafunzi Wachaga, Wasukuma, Wangoni na Wamakonde darasani. Wasipopata njia ya kuingia katika hadithi hii, watakaa kwenye basi kama abiria.

Na askari je? Wengi wa askari wa mwanzo wa Wajerumani walikuwa Wasudani walioandikishwa Cairo, pamoja na watu kutoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Nataka mwanafunzi afike Lugalo akijua kwamba kati ya waliolala chini pale, wengi walikuwa Waafrika waliolipwa mshahara kuja kuwapiga Waafrika wengine mbali na kwao. Ni habari ngumu. Mwalimu mwenzangu huipita haraka kwa sababu, anasema, inawachanganya watoto. Mimi naona ndiyo sababu ya kwenda.

Baada ya hapo, kipindi cha pili, nawaonyesha picha mbili za Dar es Salaam. Ya kwanza ni sanamu ya Hermann von Wissmann, iliyosimamishwa na Wajerumani mwaka 1909: gavana juu, amesimama wima, na chini yake askari Mwafrika anayemtazama kwa unyenyekevu. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 waliing'oa. Ikaishia Hamburg, ikasimamishwa chuo kikuu mwaka 1922, na wanafunzi wa huko wakaiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Picha ya pili mnaijua wote: yule askari wa shaba wa pale posta, aliyewekwa mwaka 1927 mahali palepale, ameelekeza bunduki yake upande wa bandari. Maandishi yake yapo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Ninauliza: kwenye sanamu ya kwanza askari yuko wapi? Kwenye ya pili kamanda yuko wapi? Na mpagazi yuko wapi katika zote mbili? Hujibu wenyewe kwamba kwenye ya pili yumo katika maneno, lakini si yeye aliyesimama juu. Mara moja msichana mmoja akasema, "Madam, mpagazi amepewa soko." Alikuwa anamaanisha Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Sikuwa nimelifikiria hilo. Sasa nalisema kila mwaka kana kwamba ni langu.

Barua, gari, chakula

Haya nayapita haraka maana kila shule ina taratibu zake. Barua kwa mkuu wa shule, ruhusa za wazazi zilizosainiwa, taarifa kwa ofisi ya kijiji unakokwenda. Usiache hiyo ya tatu. Basi lililojaa watoto wa sare likisimama ghafla kijijini huleta maswali, na mtendaji akijua mapema anaweza hata kukutafutia mzee wa kuzungumza nanyi. Mpigie mtu wa makumbusho ya Kalenga, palipokuwa ngome ya Mkwawa, siku mbili tatu kabla, muulize kiingilio cha wanafunzi ni kiasi gani kwa sasa na kama kuna kundi jingine siku hiyo. Chumba si kikubwa, na makundi mawili yakigongana hakuna anayesikia kitu.

Gari: kubaliana na mwenye gari kwa maandishi kwamba ni safari ya kutwa yenye vituo viwili, na taja saa. Mwaka mmoja tuliachwa Lugalo saa mbili nzima kwa sababu dereva alidhani anaweza kupiga "tripu" ya haraka ya nyanya kutoka Ilula huku sisi "tunaangalia jiwe". Alirudi na matenga yamejaa hadi viti vya nyuma. Watoto waliimba, nyanya zikapasuka, na Kalenga tukafika makumbusho yanafungwa.

Iringa mwezi wa saba na wa nane ni baridi asubuhi, na upepo wa barabarani si wa kuchezea. Sweta kwa kila mtoto. Jua la saa sita ni kali vilevile, kwa hiyo na kofia.

Chakula cha mchana tule Iringa mjini, katikati ya safari. Lugalo iko upande wa mashariki kwa barabara kuu ya kwenda Morogoro, kilomita ishirini na kitu kutoka mjini. Kalenga iko upande wa magharibi, kama kilomita 15, kwa barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Lazima urudi mjini kati ya hizo mbili, na mapumziko hayo yanasaidia: vijana wanahitaji saa moja ya wali na maharage kati ya ushindi na kushindwa.

Kwa nini Lugalo kwanza

Wengi hufanya kinyume. Wanaanza Kalenga kwa sababu kuna makumbusho, kuna mwongoza wageni, kuna fuvu la Mkwawa. Halafu wanapita Lugalo wakiwa na haraka, wanashuka dakika kumi, picha, kwaheri.

Ukianza Lugalo, watoto wanakutana kwanza na jiwe la adui mahali ambapo adui alishindwa. Hilo ni jambo la ajabu, na inafaa walione likiwa bado la ajabu. Kwa kawaida mshindi ndiye anayejenga mnara. Hapa aliyeshindwa alirudi miaka michache baadaye akiwa na nguvu zaidi, akateka nchi, kisha akajenga ukumbusho wa watu wake mahali walipopigwa. Mnara ule ni mtawala anayesema: walianguka hapa, na sisi bado tupo. Sasa yeye hayupo, na jiwe limebaki mikononi mwa wajukuu wa waliompiga.

Mwambie dereva mapema unataka kushuka kwenye mnara wa Lugalo. Wanaopita njia ile kila siku kwenda Kitonga wengi wanaufahamu, lakini wamezoea kuupita kwa mwendo wa kasi. Wahesabu watoto wakiwa bado ndani ya gari, na wape sheria mbili tu. Hakuna kupanda juu ya mnara. Hakuna kupiga picha kwa nusu saa ya kwanza. Sheria ya pili ndiyo inayolalamikiwa zaidi, nayo ndiyo muhimu zaidi, maana mtoto mwenye simu mkononi hasomi, anatafuta pa kusimama.

Kabla hawajausogelea mnara, wasalimie wenyeji. Nenda wewe mwalimu na wanafunzi wawili, mvulana na msichana, msalimie yeyote mwenye shamba au nyumba jirani, mwambie mmekuja kufanya nini. "Shikamoo babu, tumekuja kusoma historia ya hapa" inatosha. Kwa Wahehe, kuingia mahali pa wafu bila kusalimia walio hai ni utovu wa adabu hata kama mahali penyewe ni pa barabarani.

Halafu kazi inaanza. Kila mwanafunzi ana daftari na penseli. Kwanza wanachora mnara: umbo lake, urefu wake wakilinganisha na mwenzao anayesimama kando, nyenzo zilizotumika, palipoharibika, palipokarabatiwa. Msanii mbaya asiruhusiwe kukwepa. Kuchora kunalazimisha macho yakae. Pili wananakili maandishi yote herufi kwa herufi, hata wasipoelewa. Mtoto wa Kidato cha Tatu anayenakili Kijerumani bila kukijua hufanya makosa ya kuchekesha, lakini baadaye darasani anakumbuka kila neno alilokosea.

Maneno machache ya Kijerumani yatakusaidia hapa na kwenye makaburi yao popote nchini, pamoja na yaliyomo katika makaburi ya vita ya Iringa mjini. *Gefallen* ni walioanguka vitani. *Zum Andenken* ni kwa ukumbusho. *Hier ruht* ni hapa amelala. *Leutnant* ni luteni, *Unteroffizier* ni ofisa asiye na kamisheni, *Stabsarzt* ni daktari wa jeshi. Yaandike kwenye karatasi moja, toa nakala. Na mkirudi darasani kutafuta zaidi, kumbukeni Wajerumani waliandika Rugaro wakimaanisha Lugalo, na Kuirenga wakimaanisha Kalenga. Nilipoteza jioni nzima mwaka fulani nikitafuta kwa tahajia yetu.

Tatu, wanagawa ukurasa mafungu matatu: nani ametajwa kwa jina, nani ametajwa bila jina, nani hakutajwa kabisa. Sitakuandikia majibu hapa. Nataka mkayasome wenyewe kwenye jiwe, na nataka watoto wabishane. Fungu la tatu ndilo wanaloanza kulijaza polepole kisha kwa kasi. Mpagazi. Mpishi. Mke wa askari aliyefuata msafara, maana askari wa wakati ule walitembea na wake zao. Mhehe aliyekufa akishinda. Yule kijana wa mkuki. Punda. Usikatae punda, mwaka ambao nilimkataa punda, mvulana aliyemtaja alinyamaza siku nzima.

Mwisho, swali moja ambalo nauliza tukiwa tumekaa chini kwenye nyasi: aliyejenga jiwe hili alitaka wewe, mpita njia Mwafrika, ulitazame ukiwaza nini? Na wewe unawaza nini?

Kila mwaka kuna atakayesema, "Madam, tuubomoe." Usimkemee na usimpigie makofi. Mpe nafasi aeleze. Halafu muulize ushahidi wa kwamba tulishinda hapa ungekuwa wapi. Wahehe hawakujenga mnara wa ushindi wa Lugalo, waliimba. Nyimbo zinasahaulika, au zinabadilika kila mwimbaji. Wajerumani, kwa mikono yao, waliandika kwenye jiwe kwamba watu wao waliangushwa mahali hapa. Sijui shahidi bora kuliko adui anayekiri. Huo ni msimamo wangu, nao si lazima uwe wao. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja alinijibu kwamba shahidi akishatoa ushahidi anaruhusiwa kwenda nyumbani, kwa hiyo jiwe lipelekwe Ujerumani. Nilikosa la kumjibu, nikaandika hoja yake ubaoni kesho yake.

Kabla ya kupanda gari waambie hili, maana hawalijui: kambi ya jeshi ya Lugalo, Dar es Salaam, imepewa jina la hapa waliposimama. Wakati wa ukoloni iliitwa Colito, kwa jina la pambano la mwaka 1941 huko Ethiopia ambapo askari wa Tanganyika waliwapigania Waingereza. Ndiko maasi ya askari ya Januari 1964 yalikoanzia. Baadaye jina likabadilishwa. Kutoka pambano ambalo Waafrika waliwapigania watawala, hadi pambano ambalo waliwapiga. Sasa hivi jina Lugalo kwa wengi ni hospitali ya jeshi, na mtoto wa Dar akiambiwa unakwenda Lugalo atakuuliza unaumwa nini.

Kalenga, baada ya wali

Njiani kwenda Kalenga nyamazisha muziki wa gari, uwape kipande cha pili. Wajerumani walirudi. Tarehe 30 Oktoba 1894 waliipiga ngome ya Kalenga kwa mizinga na kuiteka. Mkwawa akatoroka, akapigana vita vya kuvizia kwa karibu miaka minne. Kichwa chake kikawekewa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa na doria ya Sajini Merkl, alijipiga risasi. Kichwa kilikatwa na kupelekwa Iringa kwa Tom von Prince, ofisa aliyekuwa akimwinda, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani.

Ndani ya makumbusho, fuvu limewekwa ndani ya kioo. Watoto huingia wakisukumana na kutoka kimya. Waandae kwa hilo, usiwashtukize. Waambie nje, kabla ya kuingia, kwamba mle ndani kuna kichwa cha mtu, babu wa watu walio hai, na familia yake iko hapahapa. Asiyetaka kuingia asilazimishwe. Mwaka mmoja msichana aliyefiwa na baba muda si mrefu alikaa nje na mlinzi, na nikamwona anajifunza zaidi kwa yule mlinzi kuliko wenzake ndani. Kuhusu picha, uliza na ufuate utakachoambiwa. Vaeni kwa heshima.

Kisa cha fuvu kurudi ni kirefu, nami hukitulia. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoidai Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Kifungu hichohicho kinadai Kurani ya Khalifa Uthman irudishwe Hijazi. Miezi sita ikapita, ikapita miaka thelathini. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyelifuata Bremen, Ujerumani, kwenye makumbusho yaliyokuwa na mafuvu kama 2,000, kati yake 84 ya kutoka huku kwetu. Akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa, na kwa sababu lilikuwa na tundu la risasi. Mwaka 1954 akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, yule ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Swali litakuja: "Madam, ni lenyewe?" Lisikuogopeshe, na usilijibu kwa ndiyo au hapana. Waeleze njia aliyotumia Twining, waulize kama wao wangeridhika nayo. Kisha waelekeze kwenye lile ambalo halina shaka: kuna mafuvu mengine 83 yaliyobaki kwenye rafu siku ile. Ya akina nani? Hapo nyuso zao hubadilika. Wanarudia wenyewe lile fungu la tatu la asubuhi, wasiotajwa kabisa, bila mimi kusema neno.

Nje kuna makaburi ya familia, likiwemo la Chifu Adam Sapi. Na jirani kuna kaburi la ofisa wa Kijerumani aliyekufa Kalenga ilipotekwa mwaka 1894. Watu wengi hulipita. Wewe usilipite. Wapeleke, wakae pale dakika chache, walinganishe na Lugalo: pale mnara kando ya barabara kuu, hapa kaburi la mtu mmoja ndani ya kijiji cha wale aliokuja kuwateka, ambao hadi leo wamemwacha alale. Hapo ninawaruhusu kupiga picha.

Ukiwa na siku mbili, Mlambalasi, alikojiua Mkwawa na ulikozikwa mwili wake bila kichwa, iko kama kilomita 50 kutoka Iringa kwa barabara hiyohiyo ya Ruaha. Kwa safari ya siku moja usijaribu. Nilijaribu, tukarudi saa tatu usiku na wazazi wamesimama getini.

Kama hauko Iringa

Njia hii inafanya kazi kwingine. Mwalimu wa Tanga ana pambano la Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, ambapo Waingereza walileta maelfu ya wanajeshi kutoka India wakapigwa na Wajerumani wachache, huku nyuki wakiwashambulia. Bwana Sakarani yuleyule aliyemwinda Mkwawa alianguka siku ile, tarehe 4 Novemba. Makaburi ya Wajerumani na askari wao yapo mjini, na ya Wahindi na Waingereza yapo pia. Watoto wakachore mafungu matatu pale.

Walimu wa Sumbawanga wako karibu na mpaka wa Zambia. Ndani ya Zambia, karibu na daraja la mto Chambeshi, kuna mnara unaotaja mahali Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipopata habari, tarehe 14 Novemba 1918, kwamba vita vilikuwa vimekwisha Ulaya siku tatu kabla. Siku kumi na moja baadaye alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Jina la kamanda adui kwenye jiwe katika nchi iliyokuwa ya Waingereza. Swali langu la nyasini linafaa pale vilevile.

Daftari

Kusanya madaftari kabla ya basi kufika shuleni. Ukisema "leteni kesho" utapata nusu yake, na nusu nyingine itakuwa imenakiliwa kwa rafiki. Toa alama kwa kilichoonekana na macho, si kwa kilichopambwa na maneno. Mimi natoa kumi kwa mchoro, kumi kwa maandishi yaliyonakiliwa, ishirini kwa fungu la tatu.

Mwaka jana mvulana mmoja, mmojawapo wa wasumbufu, alileta fungu la tatu likiwa na mistari mitupu ukurasa mzima, mstari mmoja kwa kila mpagazi, amechora hadi nafasi ikaisha na kuendelea nyuma ya jalada. Nikampa ishirini. Aliyeandika kurasa nne za insha akaja ofisini kulalamika, na bado hajanisamehe.